Faili la PDF la MB 4 linagandisha kivinjari kizima, la MB 200 linafunguka kama maji. Kuna nini hapa?

#1 Karatasi Nyingi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Hii ni wiki ya pili nahangaika, nimeona nisife kimya kimya.

Kazi yangu ni nyaraka: kuskani, kupanga, kutuma, kufungua za wengine. Kuna faili moja la PDF, kurasa 38, uzito wake MB 4 tu. Nikilibofya, kichupo kinafunguka cheupe, kiduara kinazunguka, ukurasa wa kwanza unatokea safi, wa pili unatokea. Nikishuka hadi wa tano au wa sita, kimya. Feni inaunguruma kama inataka kupaa na kompyuta. Vichupo vingine vyote vinakufa pamoja nacho, hata cha barua pepe ambacho hakijamkosea mtu. Mshale unatembea ila hakuna kinachobofyeka.

Nalazimika kukiua kivinjari. Nikikifungua tena, kinanirudishia vichupo vyote nilivyokuwa navyo, kikiwemo hicho hicho cha PDF. Kinaganda upya. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Kinachonichanganya: nina kitabu cha MB 200 kwenye kompyuta hiyo hiyo, kivinjari hicho hicho, nakifungua na kuruka kutoka ukurasa wa 3 hadi wa 400 bila kukwama hata kidogo.

Nimeshafuta kache. Nimeondoa kivinjari na kukiweka upya mara mbili. Mtu akaniambia niweke upya plagini ya PDF, yaani kile kiprogramu cha kuchomeka kwenye kivinjari. Nimeitafuta hadi basi, sijaiona. RAM ni GB 8.

#2 Kobe Mwendo

Mkuu, umejaribu kuzima kompyuta na kuiwasha?

#3 Karatasi Nyingi

Kobe, nimeizima hadi kitufe kimenizoea.

#4 Hodi Hodi

Nakaa hapa nisubiri wataalamu. Na mimi linanisumbua ila langu ni la ramani.

#5 Bisibisi

Karatasi Nyingi, kwanza acha kutafuta plagini, haipo. Huo ni ushauri wa zamani unaozunguka tu mitandaoni. Chrome iliacha plagini za mtindo ule mwaka 2015, Firefox nayo ikafuata Machi 2017. Siku hizi kila kivinjari kina kisomaji chake cha ndani: Firefox kinatumia PDF.js, kilichoandikwa kwa JavaScript na kimo humo tangu toleo la 19 la mwaka 2013. Chrome kinatumia PDFium. Kwa hiyo kuondoa kivinjari na kukirudisha unapata kisomaji kile kile. Umebadili sufuria, mchele ni ule ule.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, nataka tujue mgonjwa ni nani. Wako watatu: faili lenyewe, kisomaji cha kivinjari, au njia ya kulileta kutoka kwenye seva. Watu wengi wanatibu wote watatu kwa mpigo, kisha kikipona hawajui walichotibu, na wiki ijayo kinarudi.

Fanya hivi. Usibofye kiungo. Kibofye kwa kitufe cha kulia, uchague kuhifadhi faili kwenye kompyuta. Likishatua, lifungue kwa programu ya PDF inayojitegemea, isiyo kivinjari. Halafu lichukue faili hilo hilo lililo kwenye diski, uliburute ulidondoshe ndani ya kivinjari. Rudi utuambie.

Programu ya nje nayo ikiganda, faili ni bovu au ni zito kweli. Ya nje ikifungua na kivinjari kikaganda hata faili likiwa kwenye diski, shida iko kati ya faili na kisomaji. Likiwa kwenye diski linafunguka popote ila kupitia mtandao linaganda, basi tutazungumza habari za seva.

Na huo mzunguko wa kufunguka na kuganda: kata intaneti kabla ya kukifungua kivinjari. Kichupo cha PDF kikikosa pa kuvuta faili mara nyingi kinabaki na ujumbe wa kosa, unakifunga kwa amani, kisha unawasha mtandao. Kwa Firefox ukishika Shift wakati inafunguka kwenye Windows, inakupa njia ya kuingia bila viendelezi (vile viprogramu vya nyongeza ulivyokiwekea kivinjari). Na siku nyingine usikiue kivinjari kizima: Firefox andika `about:processes` kwenye upau wa anwani, Chrome kwenye Windows bonyeza Shift na Esc. Utaona orodha ya vichupo na kila kimoja kinakula kiasi gani. Ua kimoja tu, vingine viishi. Ila uifungue orodha hiyo MAPEMA, kabla hujalishuka hilo faili, maana kikishaganda hutaifikia.

#6 Tundu la Sindano

Sikubaliani na safari yote hiyo. Zima kuongeza kasi kwa kadi ya michoro kwenye mipangilio, fungua upya, kwisha. Mimi ilinipona kwa dakika moja.

#7 Bisibisi

Ilikupona kwa sababu wewe ulikuwa na ugonjwa huo. Dalili zake nazijua: miraba myeusi, ukurasa unamweka, maandishi yanachanika vipande ukishuka. Mwenzetu kasema feni inaunguruma na kurasa za mwanzo zinatoka safi. Ajaribu, haina hasara, ila sitegemei.

#8 Karatasi Nyingi

Nimerudi na majibu.

Nimezima kadi ya michoro kama alivyosema Tundu. Hakuna kilichobadilika, nimeirudisha.

Nimehifadhi faili. Programu ya nje: linafunguka, ila kila ukurasa unachukua sekunde moja au mbili kutokea, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Haligandi. Nikaliburuta toka kwenye diski hadi kwenye kivinjari: limeganda kule kule, ukurasa wa sita.

Ila safari hii nilifungua orodha ya vichupo mapema kama ulivyoniambia. Kichupo hicho kilianza na MB 180 hivi. Ukurasa wa pili, kikapanda. Wa nne kilikuwa kimevuka MB 700. Wa tano nikakiua, roho ilishaanza kunidunda. Faili la MB 4 linatoa wapi hayo yote??

#9 Bisibisi

Sasa tumefika penyewe. Seva imeondoka kwenye mashtaka.

Uzito unaouona kwenye folda ni uzito wa faili likiwa limefungwa. Kivinjari hakiwezi kuchora kitu kilichofungwa. Lazima kikifungue, kikitandaze nukta kwa nukta, na kila nukta ya rangi inachukua baiti nne kwenye RAM. Hapo haijalishi tena kama picha ilibanwa vizuri au vibaya.

Piga hesabu nami. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa picha ya 2480 kwa 3508, yaani nukta milioni 8.7. Mara baiti nne: kama MB 35. Karatasi hiyo hiyo kwa nukta 600: 4960 kwa 7016, milioni 34.8, mara nne ni MB 139. Ukurasa MMOJA. Na kisomaji hakishiki ukurasa mmoja tu, kinaandaa na wa jirani ili ukishuka usione weupe. Kurasa tano zikikaa pamoja unakaribia MB 700, namba ile ile uliyoiona.

Kitabu chako cha MB 200 nabashiri ni maandishi ya kweli, yaani fonti na herufi, na picha ndogo ndogo nyingi. Kila ukurasa una kazi kidogo. Ukurasa mmoja hausumbui hata kidogo, ni wingi wake tu ndio umejaza diski.

Hii ni bashiri bado. Nataka ushahidi. Weka poppler, zana za bure za kuchunguza PDF, kisha kwenye dirisha la amri andika:

`pdfimages -list faili.pdf`

Bandika mistari michache ya juu hapa. Nitazame safu za upana, urefu, `enc` (picha imebanwa kwa njia gani) na `x-ppi` (nukta kwa inchi).

#10 Kobe Mwendo

Aisee. Mimi miaka yote naangalia MB za faili najua ndiyo uzito.

#11 Karatasi Nyingi

Imenichukua muda kuiweka lakini nimeiweza. Ukurasa wa kwanza peke yake una mistari mitatu:

- `image`, 827 kwa 1169, `jpeg`, 100
- `image`, 827 kwa 1169, `jpeg`, 100
- `smask`, 4960 kwa 7016, `jbig2`, 600

Kurasa zinazofuata ni hivyo hivyo, tatu tatu. Nukta 100 si ndogo sana? Mbona haifanani na ulichosema?

#12 Bisibisi

Inafanana kabisa, tazama mstari wa tatu.

Hiyo ni PDF ya tabaka. Skana nyingi zina chaguo la kutoa faili dogo, na zinavyofanya ni hivi: ukurasa unachanwa vipande. Mandhari ya karatasi inahifadhiwa kwa picha hafifu, rangi ya wino nayo picha hafifu, kisha umbo la herufi linahifadhiwa peke yake kama barakoa kali ya nyeusi na nyeupe, nukta 600. JBIG2 inabana nyeusi na nyeupe vizuri mno, ndiyo maana kurasa 38 zimeingia kwenye MB 4. Kwa kutuma ni ubunifu mzuri, siwezi kuubeza.

Balaa ni wakati wa kufungua. Kisomaji lazima kivishe barakoa juu ya picha. Ili vilingane, picha ndogo ya 827 inavutwa hadi ukubwa wa barakoa, 4960 kwa 7016, kwa rangi kamili. MB 139 hizo tena. Kila ukurasa. Na usisahau kuifungua JBIG2 yenyewe ni kazi ya prosesa, ndiyo hiyo feni.

Kwa nini programu ya nje haikuganda? Inachora kipande unachokitazama na kutupa kilichopita, na haina vichupo ishirini vya kugawana navyo RAM. Sekunde moja mbili ulizoziona ndizo jasho hilo hilo, ila inatoka jasho bila kuzimia.

Kama karatasi halisi unazo, skani upya: nukta 300, na uzime hilo chaguo la kubana kwa tabaka. Kwa barua na ripoti za kusomwa kwenye skrini hata 200 inatosha. Faili litakua kwa MB, na litafunguka haraka zaidi. Najua linasikika kinyume.

#13 Mpita Njia

Kama karatasi hana? Ghostscript, programu ya kuchakata PDF kwa amri, inafanya hiyo kazi bila kuskani:

`gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o jipya.pdf faili.pdf`

Inashusha picha na kuandika faili upya. Natumia kila siku.

#14 Wakili wa Mafaili

Mpita Njia, tahadhari hapo. Faili likiwa na saini ya kidijitali, ukilipitisha kwenye Ghostscript saini imekufa, maana kinachotoka ni faili jingine kabisa. Nimewahi kuona mkataba ulioshushwa uzito ukakataliwa kwa sababu hiyo, na nakala ya asili ilikuwa imefutwa ili kuokoa nafasi. Weka asili kando, gusa nakala tu.

Na tafadhali msimtume mtu kwenye tovuti za kubana PDF za bure kabla ya kujua faili lina nini ndani. Karatasi za wateja, za wagonjwa, za mishahara hazipandishwi kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua ili tu ziwe nyepesi.

#15 Mpita Njia

Nimepokea. La saini nilikuwa sijalifikiria kabisa.

#16 Hodi Hodi

Haya sasa, zamu yangu. Faili langu ni mchoro wa jengo, ukurasa MMOJA, MB 6. Nimeendesha hiyo `pdfimages -list`, imetoa vichwa vya safu tu, chini patupu. Hakuna picha hata moja. Ila kivinjari kinachora taratibu, ukuta baada ya ukuta, naona kabisa kinavyochora, na nikikuza kidogo kinaanza upya.

#17 Bisibisi

Hodi Hodi, wako ni ndugu wa mbali wa huu. Programu za michoro ya uhandisi hazitoi picha, zinatoa mistari: anza hapa, nenda pale, unene huu, rangi hii. Kila kigae, kila jani la mti pembeni ya jengo, kila mstari wa kivuli ni amri yake. Zinaweza kufika laki kadhaa kwenye ukurasa mmoja. Picha ikishafunguliwa imefunguliwa. Mistari inachorwa upya kila unapokuza, yote, hata ile isiyoonekana vizuri kwa umbali huo.

Mwombe aliyeuchora azime tabaka usizohitaji (samani, miti, vipimo vya umeme) kabla ya kutoa PDF. Kama hapatikani na wewe unataka kutazama tu, ugeuze uwe picha:

`pdftoppm -r 150 -png mchoro.pdf picha`

Utapoteza uwezo wa kukuza bila kikomo, na kama unapima kutoka kwenye mchoro usifanye hivi. Kwa kutazama, inatosha.

#18 Hodi Hodi

Miti! Huyu bwana kaweka miti kila kona, jani kwa jani. Namwandikia sasa hivi.

#19 Mgeni wa Leo

Samahani kuingilia. Mimi nina fomu ya PDF, nikiifungua kwenye kivinjari inasema nisubiri. Nimesubiri nusu saa. Haigandi, inasema tu nisubiri.

#20 Bisibisi

Usisubiri tena, haitakuja. Huo ujumbe SI wa kivinjari, ni ukurasa halisi uliochapwa ndani ya faili. Fomu hiyo ni ya aina ya XFA: kwa nje ni PDF, ndani ni XML, na ule ukurasa wa subiri ni ganda la kumwonyesha asiyeielewa XFA. Kivinjari chako kinakuonyesha ganda. Firefox inazisoma tangu toleo la 93, Oktoba 2021. Ijaribu huko, au kwa Acrobat Reader. Kiwango cha PDF 2.0 cha mwaka 2017 kilishaitangaza XFA kuwa ya kuachwa, lakini fomu za zamani zimejaa bado.

#21 Tundu la Sindano

Na yule mgonjwa wa tatu, seva? Uliahidi. Nina faili likiwa kwenye diski linafunguka papo hapo, kwenye tovuti yetu ya ndani kichupo kinakaa cheupe dakika nzima.

#22 Bisibisi

Kwa ufupi basi. PDF ya kawaida inasomwa kuanzia mwishoni. Jedwali la kuonyesha kila kitu kiko wapi limeandikwa mkiani mwa faili. Seva ikikubali kutoa vipande, kisomaji kinaomba mkia kwanza kisha ukurasa wa kwanza. Seva isiyokubali inakulazimisha upokee faili zima ndipo uone herufi ya kwanza. Huo weupe ni kusubiri, hakuna kilichoganda.

Andika `pdfinfo faili.pdf` uangalie mstari wa `Optimized`. Ukisema `no`, lipange upya kwa programu ya qpdf:

`qpdf --linearize faili.pdf jipya.pdf`

Hii haigusi picha wala herufi, inahamisha tu mpangilio ili ukurasa wa kwanza ukae mbele. Ila angalizo la Wakili kuhusu saini linahusu hapa pia. Na mtu akilihariri na kulihifadhi juu yake, mpangilio huo unaharibika, itabidi urudie. Kwa upande wa seva mwulize anayeitunza kama inatoa jibu la 206 (yaani "nimekupa kipande tu") ikiombwa kipande. Akikukodolea macho, umeshapata jibu.

Na angalia viendelezi. Fungua faili kwenye dirisha la faragha, ambako kwa kawaida viendelezi havifanyi kazi. Likifunguka huko, zima kimoja kimoja. Vile vya kudaka upakuaji na vile vya antivairasi vinapenda kulikamata faili lote vikalichunguze kwanza.

#23 Karatasi Nyingi

Wakuu, nimeskani upya kurasa zote 38. Nukta 300, tabaka nimezima. Faili limetoka MB 4 hadi MB 19. Nimelidondosha kwenye kivinjari nikiwa na vichupo kumi na kitu wazi, nimeshuka hadi wa 38 na kupanda tena. Feni hata haijaguna. Kichupo kilicheza chini ya MB 400 muda wote.

Sasa la aibu. Nilipoenda kulizima lile chaguo la faili dogo kwenye skana, nikakumbuka nani aliliwasha. Ni mimi. Miezi michache nyuma, barua pepe ilipokataa kiambatisho kikubwa. Na tangu siku hiyo mafaili yote niliyowatumia watu yametoka hivyo.

#24 Wakili wa Mafaili

Kwa hiyo kuna watu mahali fulani wanaondoa vivinjari vyao na kuviweka upya kwa ajili yako.

#25 Karatasi Nyingi

Naanza na wale wa wiki hii. Orodha ni ndefu.

#26 Kobe Mwendo

Mimi nina langu la kurasa 12 linaganda ukurasa wa tatu. Nimezima na kuwasha, wapi.

#27 Bisibisi

Kobe, bandika `pdfimages -list` kwanza.